Kukhu, Mahindi na Hewa ya Ukaa

Sentensi iliyonitia aibu niliiandika mwenyewe, tena kwa malipo. Ilikuwa usiku, niko kwenye chumba changu cha kupanga mjini Busia, nyuma ya Soko Posta, na kazi ilitakiwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimetoka chuo nikiwa mwaka wa pili, kozi ya kilimo, karo imenishinda, na nilikuwa najilisha kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha ambazo wao wangetia majina yao. Usiniulize kama ni halali. Mada ya usiku ule: kuongezeka kwa hewa ya ukaa angani kunaathiri vipi nafaka wakati wa ukame? Kurasa nane. Kwenye ukurasa wa tano nikaandika kwamba mahindi yaliyokuzwa Ujerumani katika hewa yenye ukaa mwingi, maji yakiwa haba, yalizaa karibu asilimia 40 zaidi ya wenzake. Nikamaliza, nikatuma, nikalala.

Wiki hiyohiyo nikaenda nyumbani, upande wa Nambale. Kukhu, mama mzazi wa baba yangu, alikuwa anapanga mbegu za vuli. Akaniuliza kwa heshima ile ambayo wazee humpa mtu aliyewahi kufika chuo, hata kama hakumaliza.

"Mwana wanje, tupande mahindi tena, ama tuweke mtama? Mvua hii mimi siiamini."

"Kukhu, panda mahindi," nikasema. "Siku hizi hewa yenyewe imekuwa mbolea. Hata jua likiwaka, yatavumilia."

Akapanda mahindi. Yakafika kiunoni, yakapita kichwa, yakatoa shada la juu, halafu mvua ikakatika kwa wiki tatu. Alivuna nusu gunia kutoka robo tatu ya ekari. Ng'ambo ya mtaro, mtama wa jirani ulikuwa umeinama kwa uzito wa vichwa vyake. Kukhu hakunilaumu. Siku tunapukuchua aliniuliza jambo moja tu, bila kuinua macho: "Na ile hewa yako, ilienda wapi?"

Nimekuwa nikilitafutia jibu swali hilo tangu siku ile, na limenirudisha nyuma kuliko nilivyotarajia.

Wazo kwamba moshi wetu utatulisha si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, yuleyule aliyekokotoa mwaka 1896 jinsi hewa ya ukaa inavyoipasha dunia joto, aliandika kwamba ongezeko hilo lingewaletea watu hali ya hewa nzuri zaidi na mavuno mengi zaidi. Mtu wa nchi ya baridi, unaweza kumwelewa. Wakati huo hakuna aliyekuwa anaipima hewa hiyo mwaka baada ya mwaka. Upimaji wa mfululizo ulianza 1958 kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, na kipimo kilisoma takriban sehemu 315 za ukaa katika kila milioni ya hewa. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Sasa imepita 420. Foleni ya malori pale Malaba, yenye injini zinazonguruma usiku kucha, inachangia kiasi chake kidogo, lakini hewa haina mpaka wala haigongewi muhuri: ukaa unaotua kwenye shamba la Kukhu umetoka zaidi China, Marekani na Ulaya kuliko kwetu.

Na ni kweli kwamba kuna mimea inayoishangilia. Kule Naivasha, shamba la maua la Oserian liliwahi kuchukua joto la mvuke wa ardhini pamoja na ukaa wake na kuvipeleka kwenye vibanda vya waridi, kwa sababu waridi likipewa ukaa zaidi hukua haraka. Huyo anayekwambia kwamba hewa ya ukaa ni chakula cha mimea hakudanganyi. Muulize tu: mmea upi?

Mpunga, ngano, maharagwe na waridi hunasa ukaa kwa kimeng'enya kinachoitwa rubisko. Rubisko ni fundi anayekosea. Mara kwa mara anashika oksijeni badala ya ukaa, na kila akikosea mmea unapoteza nguvu ambayo ilikuwa imeshapatikana. Ukimjazia ukaa pande zote, makosa yanapungua na mmea unanenepa. Wataalamu huita kundi hili C3. Lakini mahindi, mtama, wimbi na miwa ni kundi jingine, C4. Hawa wana pampu. Seli za nje za jani zinanasa ukaa kwa njia isiyokosea, kisha zinausukuma kwenye seli za ndani ambako rubisko amefungiwa, hadi anazungukwa nao. Kwa maneno mengine, ndani ya jani la hindi tayari kuna kile kibanda cha Naivasha.

Pampu hii iligunduliwa kwenye miwa. Watafiti wa Hawaii waliona dalili zake mapema, lakini walioieleza vizuri ni Marshall Hatch na Roger Slack, waliokuwa kwenye maabara ya kampuni ya sukari mjini Brisbane, Australia, na wakachapisha kazi yao mwaka 1966. Nikiyapita mashamba ya miwa njia ya kwenda Mumias huwa nakumbuka hilo. Tumezungukwa na C4 pande zote, hata nyasi tunazolishia ng'ombe.

Pampu yenyewe ni ya kale sana, tena sehemu ya ushahidi wake imelala katika eneo letu. Mwaka 2023 kundi la watafiti, akiwemo Rahab Kinyanjui wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, lilichapisha katika jarida la Science kwamba nyasi za C4 zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki kati ya miaka milioni 21 na milioni 16 iliyopita. Hiyo ilisogeza tarehe nyuma kwa zaidi ya miaka milioni kumi. Ushahidi ulitoka sehemu kama Moroto kule Uganda na visiwa vya ziwa letu upande wa Kenya. Na pampu hii inafaa zaidi pale ukaa unapokuwa haba angani na jua likiwa kali. Nilipofika hapo kwenye kusoma ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa mjinga mbele ya Kukhu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba hindi litafurahia wingi wa kitu ambacho lilizaliwa likijua kuishi bila wingi wake.

Mwaka 2004, huko Champaign, jimbo la Illinois, Andrew Leakey na wenzake walipanda mahindi shambani, bila kibanda, wakayazungushia mabomba yanayopuliza ukaa hadi hewa ikafika sehemu 550. Mwaka ule mvua ilitosha. Mavuno hayakuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni vile vitundu vya kwenye jani ambavyo shuleni tuliviita stomata: vilijibana, maji yaliyopotea yakapungua, na udongo ukabaki na unyevu zaidi.

Hapo ndipo penye faida, na ndipo kazi ya Wajerumani inapoingia. Kule Braunschweig, mwaka 2007 na 2008, Remy Manderscheid na wenzake walifanya jaribio la namna hiyo, ila wakaongeza kitu: sehemu nyingine za shamba ziliwekewa paa la kuzuia mvua. Penye maji, ukaa wa ziada haukusaidia mahindi. Pakavu ulisaidia, na sana. Mmea ulijibana, ukahifadhi maji ya mwanzoni, na jua lilipozidi ulikuwa bado na akiba. Mtama nao ulijaribiwa hivyohivyo Maricopa, Arizona, mwishoni mwa miaka ya 90, na hadithi ni ileile: ulionyimwa maji ndio ulionufaika.

Kwa hiyo sentensi yangu haikuwa ya uongo. Ila nilikuwa sijajiuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la nne angeuliza: zaidi ya wenzake, wenzake gani? Wale wenzake walikuwa mahindi yenye kiu vilevile, kando yake, katika hewa ya kawaida. Yaani ukaa ulirudisha kile ambacho ukame ulikuwa umenyang'anya. Haukuongeza juu ya shamba lenye mvua. Nambale hakuna shamba la kando lenye hewa ya zamani. Sote tunavuta hewa hiyohiyo ya 420, mahindi na mtama, Kukhu na jirani, na nafuu ndogo inayotoka humo tayari imo ndani ya lile nusu gunia. Bila hiyo pengine lingekuwa debe. Kukhu, ndiko ilikokwenda.

Tena nafuu hiyo inataka udongo unaoweza kutunza akiba. Sehemu nyingi za Teso na pembeni mwa Busia udongo una mchanga, maji hayakai. Unaweza kujibana upendavyo, kama mtungi unavuja ni kazi bure. Na jani lililofunga vitundu vyake halitoi jasho, kwa hiyo linapata joto zaidi, katika dunia ambayo hewa ileile imeshaipasha.

Kilichomalizana na mahindi ya Kukhu hasa ni tarehe. Mahindi yana siku chache za ajabu: shada la juu linamwaga unga wake, na ndevu za gunzi zinatakiwa ziwe zimetoka kuupokea. Ukame ukija siku hizo ndevu huchelewa. Zinapotoka, unga umekwisha. Mmea unabaki mrefu na wa kijani, mpita njia anakusifia, na gunzi lina punje kama meno ya mzee. Mtama hauna haraka hiyo. Ukikosa maji unakunja majani, unasimama, unangoja, mvua ikirudi unaendelea ulipoachia. Wimbi nalo huweza kutoa machipukizi mengine pembeni. Wote ni C4, wote wana pampu, wote wanapewa hewa ileile. Tofauti yao haiko hewani.

Basi tulifikaje mahali ambapo mjukuu aliyesoma anamwambia nyanya yake apande hindi?

Wimbi lilianza kulimwa kwenye nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda, mtama upande wa Sudan. Ni vitu vya hapa. Mahindi yaliingia pwani na Wareno karne ya 16 na yakachukua muda mrefu kupanda bara. Busia na Malaba zenyewe zilihesabiwa Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipokata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia upande huu. Mwaka mmoja kabla, reli ilikuwa imefika Kisumu, na reli ilitaka mzigo. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza tangu 1907, akasukuma mbegu, mahindi meupe yakiwemo. Vita vikaja, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi wa Kariakoo, wakalishwa posho ya unga wa mahindi miezi na miezi, na waliorudi walirudi na ladha hiyo.

Halafu Kitale. Pale, mnamo 1964, ilitolewa mbegu chotara ya H611, mzao wa mahindi ya Kitale na aina moja kutoka Ecuador. Wakulima wadogo wa magharibi waliipokea kwa kasi ambayo wachumi walikuja kuiandikia vitabu. Kukhu anakumbuka mara ya kwanza babu alipoleta paketi: mbegu zenye rangi, ukaambiwa usizile, na mwaka unaofuata ununue tena. Babu alikasirika na hilo la pili. Lakini alinunua.

Watu husahau kwamba wakati huohuo mtama nao ulikuwa na wanasayansi wake. Hugh Doggett, aliyeanzia Ukiriguru kule Tanganyika, alihamia Serere, katika Teso ya Uganda, kwenye kituo kilichohudumia nchi zote tatu. Pale zikatoka Serena na Seredo, mitama mifupi, inayokomaa haraka, ya kahawia. Serere ni nchi ya Wateso, watu walewale wa Malaba na Amukura. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na vituo vyake. Kwa upande wetu kazi ya mtama na wimbi iliendelea hapa Alupe, kilomita chache kutoka mjini Busia, na wimbi lenye jina la U-15 linalopandwa Kenya lina asili ya Uganda. Lakini utafiti wa mahindi ulikuwa na kampuni ya mbegu, bodi ya kununua, bei ya serikali, na unga kwenye kila duka. Mtama ulikuwa na chungu cha ajono na uji wa wagonjwa.

Sisemi hivyo kudharau ajono. Bila Wateso kukaa kuzunguka kile chungu na mirija yao, nadhani wimbi lingekuwa limetoweka kabisa upande huu wa mto.

Mtu asiniambie pia kwamba wazee wetu walidanganywa tu. Kukhu ananieleza sababu nyingine ambayo sikuipata kwenye insha yoyote niliyolipwa kuandika. Hindi linavaa nguo. Limefunikwa maganda, ndege hawalipati. Mtama uko uchi. Zamani watoto walikaa kwenye jukwaa shambani tangu alfajiri, wakipiga kelele na kurusha matope. Shule zikaja, na shule ni jambo jema, watoto wakaondoka jukwaani. Wimbi likichipua linafanana na magugu fulani ya jamii yake kiasi kwamba mpaliliaji mgeni anang'oa chakula na kuacha adui, na palizi ya wimbi ilikuwa ya wanawake, wanaoinama kutwa. Mahindi yaliwapumzisha migongo. Ukimwambia mwanamke wa miaka sabini arudi kwenye wimbi, jua unamwambia arudi wapi.

Na soko nalo. Kiwanda kikubwa cha bia kilianza kuuza bia ya keg mwaka 2004, ya kupunguza watu kwenye pombe haramu, na baadaye mtama mweupe ukapata mnunuzi. Mwaka 2013 serikali ikaitoza kodi, mauzo yakaanguka, na wakulima waliokuwa wamelima kwa ajili yake wakabaki na magunia. Baadaye kodi ililegezwa, na mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu kikafunguliwa tena kikitaka mtama wa magharibi. Watu wanalima, lakini kwa jicho moja wazi. Mahindi hata yakikosa mnunuzi unayala.

Kama yanalika. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kusimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakazuiwa Busia na Malaba. Akina mama wanaovusha kwa baiskeli na kupimia watu kwa gorogoro hawakujua kama kesho watakuwa na kazi. Siku chache baadaye marufuku ililegezwa, ila mahindi yawe na cheti na sumu isizidi sehemu kumi kwa bilioni. Tuliongea sana kuhusu siasa. Wachache walisema kwamba kuvu hilo linapenda hindi lililoteseka kwa joto na kiu shambani kabla halijafika ghalani. Kuna kuvu jingine la mahindi, Fusarium, ambalo watafiti wa Marekani walilijaribu kwenye hewa yenye ukaa maradufu: mmea ulichelewa kujikinga na kuvu likastawi zaidi. Hiyo nayo ilikuwa kwenye faili zangu usiku ule. Haikuingia kwenye zile kurasa nane.

Pengine mshindi wa kweli wa hewa hii atakuwa mpunga wa Bunyala, kule Budalang'i, maana ni C3 na maji ya Nzoia uko nayo. Hata hivyo majaribio yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba mchele na ngano za hewa ya namna hiyo hupungua zinki na chuma, wakati mahindi na mtama havikuathirika sana. Na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi yetu mpaka tukatengenezewa mbegu iitwayo Ua Kayongo, nalo ni C3. Nikimwambia Kukhu hilo atacheka sana.

Msimu huu alichagua mwenyewe. Aligawa shamba: mahindi ya kukomaa haraka upande wa juu, mtama upande wa chini, na kipande cha wimbi karibu na nyumba, kilicho kidogo kiasi cha kupaliliwa na mtu mmoja bila kulala na mgongo. Nilitaka tupande ule wa kahawia, ambao ndege hawaupendi kwa uchungu wake na unaochanganyika vizuri na muhogo kwenye ugali. Akasema mweupe, kuna mtu Nambale ananunua.

"Na ndege, Kukhu?"

Akanitazama. Kazi za ng'ambo zimepungua sana tangu programu za kompyuta zianze kuandika insha, na hilo analijua, kwa sababu nimehamia nyumbani.

Kwa hiyo niko hapa tangu saa kumi na mbili, chini ya mwembe, kompyuta mapajani, kando yangu kopo lenye mawe ndani lililofungwa kamba ndefu. Nikiandika aya moja navuta kamba. Kundi linapaa, linazunguka mpaka kwa jirani, linarudi. Mvua haijanyesha kwa siku tisa. Mahindi ya juu yameanza kukunja majani saa nne, na ndevu bado hazijatoka.